Weka Sahihi Hapa, Mama

Columbia Heights
23 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, na kwamba chumba ulichopewa kwa kaka Ken kina joto la kutosha, na kwamba mkewe Lynette anakupikia uji wa wimbi mzito kama unavyoupenda, na kwamba magoti hayakusumbui. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Fiona anakusalimu. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne ikayeyuka siku hiyo hiyo.

Ulipokuwa ukiondoka uliniambia nisikupigie simu, kwa sababu simu ya Ken huwekwa mezani ikasikizwa na nyumba nzima. Ukasema kama nina neno niliandike. Nimekaa na kalamu siku tatu.

Nataka kueleza ilivyokuwa. Bahasha ya kura yako ilikuja siku ambayo nilikuwa nimetoka shifti mbili mfululizo. Wewe ulikuwa ukioga. Mezani kulikuwa na fomu ya dawa zako, fomu ya bima na ile ya shule ya Fiona. Wajua tangu tufike Amerika mimi ndiye mjaza fomu wa nyumba hii. Nikazijaza zote pamoja, na ya kura ikiwemo. Ulipotoka nikakuonyesha mahali, ukaweka sahihi, nikatia posta kesho yake. Ni mazoea, Mama. Sikukaa chini nikapanga kukudhulumu.

Sikujua ungepanda gari la kanisa siku ya uchaguzi kwenda kupiga kura mwenyewe. Laiti ungenipigia simu kazini kabla ya kutoka.

Tena ukiangalia vizuri, kura moja haikubadili kitu. Héritière, yule muuguzi Mkongomani niliyewahi kufanya naye kazi, amekipata kile kiti cha baraza la mji kwa kura zaidi ya mia mbili. Hata kama ungempigia Mzee Halvorson, kama Ken na Pasta walivyotaka, bado Héritière angeshinda. Kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Ken anasema siku hizi unasahau sahau. Nimemwambia apunguze wasiwasi. Kaa huko kidogo mambo yatulie, kisha nitakuja kukuchukua.

Mwanao akupendaye,
Nkirote

Anoka
4 Desemba 2025

Nkirote,

Barua yako nimeipata. Salamu zake zilikuwa ndefu hivi kwamba nilijua mwandishi anaogopa. Mimi sitazunguka. Nilijifunza kuandika nikiwa na wajukuu, katika darasa la ngumbaru, na mtu aliyejifunza uzeeni hana wino wa kupoteza.

Unasema kura moja haikubadili kitu. Kama haikubadili kitu, mbona uliichukua?

Unasema pia hakuna aliyeumia. Hukuwepo, kwa hiyo nitakueleza.

Nilivaa suti ya buluu, ile niliyoapishiwa uraia kule Saint Paul, na kofia yake. Tulikuwa wazee sita ndani ya gari la kanisa, Ken akiwa dereva. Kule kituo cha kura, karani wa mezani, mama wa makamo, alitafuta jina langu akalipata, kisha akanitazama kwa huruma. Akamwambia Ken, Ken akanitafsiria: "Mama, wanasema ulishapiga kura kwa posta." Nikasema la. Ken akaanza kufoka, kwamba kuna wizi hapa, waitwe wakubwa, hatoki mpaka aelezwe. Watu wakageuka kututazama.

Hapo ndipo nilipokumbuka bahasha. Nikakumbuka kidole chako kikinionyesha mstari, na sauti yako, "Weka sahihi hapa, Mama." Nilikuwa nimedhani ni fomu ya kuomba karatasi ya kura, kwamba kura yenyewe itakuja baadaye; haikuja, ndiyo maana nikapanda gari la kanisa. Nikaona Ken akiendelea kuuliza, jina litakaloibuka ni lako. Basi nikacheka. Nikasema, "Aa, kweli, nilishapiga. Uzee huu, nimesahau." Wale wazee wenzangu wakacheka nami. Mmoja akanishika mkono kunirudisha garini, na mimi nina nguvu kumshinda.

Hiyo ndiyo sababu niko Anoka. Nilisema uongo mmoja ili nikufunike, na ndugu yako akauamini. Wiki iliyofuata alinipeleka kwa daktari nikapimwe kumbukumbu. Nilichoreshwa saa. Nilipewa maneno matatu niyashike, nikaambiwa nihesabu kutoka mia moja nikipunguza saba saba. Hesabu niliweza, maana nimeuza maziwa miaka ishirini. Lakini nilikuwa naogopa, na neno moja likanitoroka, Ken akaangalia sakafu.

Lynette ameng'oa vile vidude vya kuwashia jiko ili nisichome nyumba. Nikienda kwenye sanduku la posta kuangalia kama umeniandikia, anaandika katika daftari lake kwamba natangatanga nje. Simlaumu, ananitunza kwa kadiri alivyoambiwa.

Katika nchi hii yote ni wewe peke yako unayejua kwamba akili zangu ni timamu. Kikulacho ki nguoni mwako, Nkirote.

Mama yako,
Jerusha Kathure

Columbia Heights
11 Januari 2026

Mama,

Barua yako niliisomea ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini, nikachelewa kuingia. Msimamizi aliniuliza kama nimefiwa. Nimekaa na aibu hiyo mwezi mzima, Krismasi ikapita, na ulipokaa mezani kwa Ken na kofia yako nilishindwa kukutazama machoni. Uliona.

Katika ile barua nilikudanganya. Hukuwa ukioga. Ulikuwa jikoni, hatua nne kutoka nilipoketi, ukikata sukuma, na ulikuwa ukinisimulia habari za binti ya Wambui. Ningeweza kukuita. Nilisoma yale majina mawili kwenye karatasi, nikakumbuka ile Jumapili Pasta alipokuja kunywa chai. Alisema kura za kanisa zote ni za Mzee Halvorson kwa sababu ametupa ukumbi bure, na wewe ukamjibu, "Sawa, Pasta." Niliichukia sana hiyo sawa. Nikajiambia, Mama hajui lolote, anafuata wanaume tu, na mimi namjua mtu atakayetufaa. Nikamtia Héritière wino kwenye kiduara cha jina lake. Nikafunga bahasha ya ndani kwanza, ndipo nikakuita.

Bahasha ya nje inadai shahidi. Mtu aandike jina lake na kuweka sahihi kwamba mwenye kura alijipigia mwenyewe, kwa siri. Shahidi aliyesaini ni mimi.

Kuna jambo jingine. Wajua kila Jumamosi huwa najitolea pale Frogtown kuwafundisha akina mama wageni namna ya kupiga kura. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu ya historia, jinsi wanawake wa jimbo hili walivyoidai kura, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakizunguka mlango kwa mlango kutafuta sahihi, wakichekwa, wakirudi tena. Nilikuwa nimeandika pia maneno ya waliowapinga. Walisema mwanamke hana haja ya kura, kwa kuwa yuko nyumbani mtu ajuaye zaidi, naye humpigia. Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti. Akina mama wakacheka, na mmoja akasema, "Hao walikuwa wanaume wa kwetu." Iliyofuata nilishindwa kuisoma. Nikasema koo limekauka. Natasha, msimamizi wetu, akaniletea maji, nami nikayanywa mbele yao nikiwa mnafiki mtupu.

Nataka kumwambia Ken. Lakini nililofanya ni hatia kwa sheria, Mama. Nina leseni ya uuguzi. Fiona ana miaka kumi na mitano. Na Ken hawezi kukaa na neno. Atampelekea Pasta, na Pasta ataliombea kwa kipaza sauti. Naomba unipe muda mpaka Pasaka.

Nkirote

Anoka
1 Februari 2026

Nkirote,

Asante kwa ule ukweli kuhusu sukuma. Uongo wa bafuni nilikuwa nimeujua, ila nilitaka uuondoe mwenyewe.

Unaomba muda. Kabla sijakujibu nitakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka wa themanini na nane kulikuwa na kura ya mlolongo. Hakukuwa na sanduku wala karatasi. Watu walijipanga uwanjani, kila mmoja nyuma ya picha ya mtu wake, wakahesabiwa kwa macho. Ulikuwepo, ulikuwa na miaka tisa, mmekaa na watoto wenzako kwenye ngazi za darasa. Mimi nilisimama kwenye mlolongo mfupi, nyuma ya mwalimu mmoja aliyekuwa ametuahidi zahanati. Tulikuwa wanawake wengi. Baba yako akaniona kutoka ule mrefu, wa tajiri wa magari. Akaja. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinishika hapa kwenye kiwiko, akaniambia polepole, "Mama Ken, umekosea mstari," akanitembeza uwanja mzima mbele ya watu, akanisimamisha mbele yake. Nikahesabiwa huko.

Jioni ulikuja jikoni ukaniuliza mbona nilibadilisha mstari. Nikakuambia nilikosea. Tazama basi, hata wakati huo nilijifanya mjinga ili kumfunika mtu. Ni kazi niliyoizoea.

Baba yako hakuwa mtu mbaya. Aliamini kabisa kwamba ananisaidia, na usiku ule alilala vizuri.

Kwa hiyo nilipokaa kwenye gari la kanisa nikicheka uzee wangu, kiwiko kilikuwa kinaniuma, na sikuwa na wa kumwambia.

Sitaki uende jela. Leseni yako ndiyo inayomlisha mjukuu wangu. Lakini mwambie Ken. Mficha uchi hazai. Sina habari ya Pasaka. Kila siku unayoingoja wewe, mimi naiishi humu kama mgonjwa.

Mama

Columbia Heights
23 Februari 2026

Mama mpendwa,

Nimezungumza na Ken. Nilimpigia Jumamosi jioni, nikamwambia kwamba hukusahau kitu, kwamba kulikuwa na mkanganyiko wa posta. Nilisema bahasha yako ilichanganyika na fomu nyingine na kwa bahati mbaya nikaituma kabla hujaijaza, na hivyo serikali ikaandika kwamba umeshapiga. Alinisikiliza. Akasema, "Ala, kumbe." Nilisikia kama amepata nafuu.

Najua si yote. Lakini ni kubwa kutosha kukuondolea lile jina, na haimuumizi mtu. Nilidhani tuanze na hilo.

Ukurasa ule wa Baba nimeusoma mara nyingi. Nakumbuka uwanja. Nakumbuka kwamba watoto walicheka ulipokuwa ukitembezwa, na nadhani nilicheka nao.

Nkirote

Anoka
2 Machi 2026

Nkirote,

Hiyo nusu yako imenimaliza.

Ken alikuja akaketi kitandani kwangu akiwa mpole sana. Akasema, "Mama, Nkirote amenieleza. Karatasi ilikwenda tupu. Sasa mbona ulituambia unakumbuka kupiga kura?" Ningesema nini bila kukutaja? Akamwambia Lynette mlangoni, akidhani sisikii, kwamba kusahau ni afadhali, ila kukumbuka mambo ambayo hayakutokea ni ugonjwa wenyewe.

Amerudi nami kwa daktari. Sasa ameleta karatasi za mwanasheria. Zinasema kuanzia sasa yeye ndiye ataniwekea sahihi, benki, hospitali, kila mahali, na mimi nipumzike. Anazileta kwa mapenzi, hata machozi yalimlenga. Mwanasheria anakuja Jumatatu, tarehe ishirini na tatu.

Sitakuandikia tena kabla ya siku hiyo.

J. Kathure

Columbia Heights
22 Machi 2026

Mama,

Barua hii nitamkabidhi Ken mkononi, na nimemwomba akupe bila kuifungua. Nadhani atatii.

Leo baada ya ibada nilimwita katika ofisi ya kanisa. Pasta alikuwepo akihesabu bahasha za sadaka, nikamwambia abaki. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuanzia, yakanipotea yote. Nikasema, "Mama hajasahau kitu. Mimi nilimwibia kura." Kisha nikawaeleza, sukuma, kalamu, bahasha ya ndani, sahihi ya shahidi. Nikawaeleza kwamba ulicheka pale mezani ukijua kabisa. Nikasema na lile la posta lilikuwa uongo, wa pili.

Pasta alisema, "Tuombe." Ken akamwambia, "Bado, Pasta."

Nilitarajia Ken anipigie kelele, na ningeshukuru. Aliinama akafunika uso, akasema, "Nimemng'olea mama yangu jiko." Alirudia hivyo mara mbili. Sijawahi kumwona Ken akilia tangu tumzike Baba. Baadaye aliniuliza swali moja tu, kama ningesema lolote iwapo mwanasheria asingekuwa anakuja kesho. Nilimwambia sijui. Ni kweli, Mama, sijui, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Pasta alitaka lizikwe humo humo ofisini. Nilimwambia hapana, maana kesho Jumatatu jioni nina miadi na Natasha, nimweleze pia. Nitaacha ile kazi ya Jumamosi. Sina uso wa kusimama mbele ya wale akina mama. Natasha atalazimika kuipelekea ofisi ya uchaguzi ya kaunti habari hii, na watakavyoamua nitapokea. Fiona nimeshamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akajibu kwa Kiingereza chake, akaenda chumbani. Alichosema ni kwamba hata yeye fomu zake huwa simsomei.

Sitakuomba unisamehe katika barua hii. Nimezoea kukujazia majibu.

Nkirote

Anoka
12 Aprili 2026

Nkirote mwanangu,

Mwanasheria alikuja, akanywa chai, akaondoka na karatasi zake. Ken alimlipa nauli yake kimya kimya. Lynette amenirudishia jiko na kuniomba radhi, na lile daftari amelitupa mbele yangu; nilimwambia angelihifadhi, mwandiko wake ni mzuri. Ken amekuwa akinitembelea chumbani kila jioni kama mtu anayelipa faini. Nimemwambia inatosha.

Amenisomea ile barua uliyoipata kutoka kaunti, kwamba wanaichunguza. Wakiniita nitasema ukweli, sitakufunika tena, na sitaongeza chumvi. Ujue hivyo mapema.

Najua unataka kujua kama nitarudi Columbia Heights. Bado sijaamua. Nikiamua utasikia kutoka kwangu, usianze kutandika kitanda.

Sasa kuna jambo nililolishika tangu Novemba. Nililishika kwa sababu nilijua ukilipata mapema utalitumia kujiosha.

Mwezi wa tisa, ukiwa kazini, Héritière alibisha mlangoni petu. Kiswahili chake cha Kongo kilinichekesha, na changu kikamchekesha. Nilimwambia binti yangu hayupo. Akasema hakuja kwa binti, amekuja kwangu, akaniuliza mimi ningependa nini kifanywe katika mji huu. Nikamwambia sijui, mimi ni mzee wa nyumbani tu. Hakwenda. Alisimama pale kizingitini akingoja nifikiri. Tangu nishuke ndege nchi hii hakuna aliyewahi kuningoja hivyo. Mwishowe nikamwambia pale kituo cha basi pana giza, na wanawake wanaotoka kazini wanaogopa. Akaandika.

Kwa Pasta nilisema sawa kwa kuwa alikuwa anakunywa chai yangu. Mgeni hakataliwi usoni. Ndiyo raha ya sanduku, Nkirote, unamwitikia mtu kwa heshima, kisha unaingia pale ndani peke yako. Kwenye mlolongo hilo halikuwezekana.

Ile suti ya buluu niliivaa kwenda kumpigia Héritière. Yule yule uliyemtia wino.

Ulichoniibia nilikuwa nakuja kukitoa mwenyewe. Nilikuwa jikoni, hatua nne. Ungeniuliza tu.

Mama yako,
Jerusha Kathure